Kikombe cha Spesioza

Nyumba za Walimu,
Tura,
Tabora.
23 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Janeti,

Salamu nyingi kutoka huku Tura. Hujambo? Shemeji Ladislausi hajambo? Na Spesioza, anakula? Nauliza kula kwanza kwa sababu namjua: akihamia mahali pageni hugoma siku tatu, kisha siku ya nne humaliza sufuria. Kile kikohozi chake cha wakati wa mvua kimeisha? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Goti la kushoto linanisumbua nikienda kuchota maji, lakini hilo ni la zamani na unalijua.

Mvua zimetukumbuka mwaka huu. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamekomaa. Juzi nilichemsha sita kwa mazoea, nikala moja, ndipo nikakumbuka kwamba niko mmoja. Yaliyobaki niliwapelekea watoto wa mwalimu mkuu, Abdulatifu. Kaka Justini alipita hapa mwezi uliopita akitoka Ulyankulu. Anasema baba mguu umepona na anakuulizia. Alilala siku moja tu. Alidai nyumba yangu ina kimya cha kanisani, akawahi treni.

Janeti, ujumbe wako wa simu niliupata wiki tatu zilizopita. Najua umeona kwamba nimeusoma, nawe unashangaa kwa nini dada yako kanyamaza. Niliandika jibu mara nne nikalifuta mara nne. La kwanza lilikuwa kali, la kukukumbusha ni nani aliyembeba Spesioza mgongoni tangu ana miezi minane ili wewe urudi shule. La nne lilikuwa la kujifanya sijali, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Nimeamua kuchukua karatasi. Barua mpaka uifikishe posta Tabora, hasira imeshapoa.

Umeniomba nisimwitikie Spesioza akiniita mama kwenye simu. Unasema ndugu wa shemeji wanauliza mtoto huyu ana mama wangapi, na kwamba kila akimaliza kuzungumza nami analia na hataki kukuita wewe mama. Niliusoma ujumbe huo asubuhi, dakika chache kabla ya kipindi, nikaingia nao darasani. Ngoja nikusimulie kilichotokea.

Darasa la tatu tulikuwa kwenye Kiingereza, namna ya kusema kitu ni cha fulani. Unataja mtu mmoja, unaweka kile kialama kidogo cha juu na herufi yake, kisha unataja kitu chake. Kitabu kinataka mwenye kitu awe mmoja tu. Wenye kitu wakiwa wawili, hao wako mbele, hatujafika. Mimi somo hilo silifundishi kwa chaki peke yake, watoto husinzia. Huwaambia walete kitu kimoja kimoja kutoka nyumbani, tunavichanganya mezani, kisha kila mtoto anachukua cha mwenzake, anakiinua, anasema kwa Kiingereza ni cha nani, na kumpelekea mwenyewe. Sayi alileta manati ya kaka yake, nikamnyang'anya kabla kioo hakijavunjika.

Vitu havikutosha. Nikakimbia nyumbani, ambako si mbali, nikaokota cha kwanza kilichokuwa karibu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba mwiko ulikuwa karibu zaidi. Nilichukua kikombe cha plastiki cha kijani, kile nilichokiandika jina lake kwa rangi ya kucha alipoanza darasa la kwanza.

Kikombe kikachukuliwa na Ng'washi, ambaye alikaa na Spesioza dawati moja miaka miwili. Akakiinua, akasema sentensi yake bila kosa: hiki ni kikombe cha Spesioza. Kisha akaenda kumpelekea mwenyewe, kama nilivyowafundisha. Akakiweka kwenye dawati lao, upande wa dirishani ambako hakai mtu tangu Januari, akabaki amesimama anakitazama. Ndipo Sayi akapaza sauti, "Siyo hapo, wewe! Mpelekee mama yake, si yule pale?"

Ng'washi akaja nacho mbele, akapiga goti kama walivyo na adabu watoto wa huku, akanipa kwa mikono miwili. Nikakipokea. Nikasema, "Vizuri sana," nikageukia ubao, nikaanza kuandika tarehe ambayo ilikuwa imeshaandikwa.

Usidhani sikujaribu. Jioni ile nilimwambia Mama Sayi kwamba tangu sasa aniite Esperansi. "Huyo ndiye nani tena?" akauliza, akacheka mpaka akakaa chini. Miaka minane tunachota maji pamoja na hajawahi kulisikia jina langu. Wiki iliyopita nikaenda Tabora kununua karatasi za manila, dukani kwa mzee Malek kule Kanyenye. Akanifungia mzigo, kisha akaongeza pipi mbili bila kuambiwa. "Za mtoto, Mama Spesioza. Leo umemwacha wapi?" Nikamjibu yuko nyumbani. Sikusema uongo, Janeti, yuko nyumbani kwenu. Pipi bado ninazo kwenye mkoba.

Sibishani nawe. Ulijifungua ukiwa mdogo, ukahangaika, na hukumsahau mwanao hata siku moja. Kila Krismasi nguo zilifika. Ni wako, na nilijua tangu siku niliyompokea kwamba nakulelea. Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja, na kufungua mlango jioni ukakuta viatu vyako tu, hicho ni kingine. Nina upweke. Nakwambia waziwazi kwa sababu nisipokwambia wewe sina wa kumwambia.

Basi akipiga simu Jumapili ijayo akaniita mama, siwezi kunyamaza tu, atadhani nimemkasirikia. Nitamwambia mwenyewe: mimi ni mama mkubwa, mama ni huyo uliye naye hapo. Nimelifanyia mazoezi neno hilo jikoni. Mwanzoni lilikuwa linaishia katikati, sasa nafika mwisho. Naomba siku hiyo usimsimamie. Akilia, mwache kwanza alie, kisha umkumbatie wewe.

Na likizo ya Juni mlete, hata kwa wiki moja. Kikombe sitakituma, nimekirudisha kwenye msumari wake, atakikuta. Watu wa Tura nao sitawakataza tena. Wakiniita kwa jina la mtoto, nitaitika, na hilo nakuomba usininyime.

Nimefunga na michembe kidogo ya viazi vitamu kwenye mfuko. Mwambie asiitafune mikavu, inamuumiza fizi. Muichemshe na karanga kama mama alivyokuwa akitupikia.

Msalimie sana shemeji Ladislausi, na shikamoo yangu imfikie mama mkwe wako. Mwalimu Abdulatifu anakusalimu, Ng'washi na Sayi wanamsalimu mwenzao. Mungu ailinde nyumba yenu, na amjalie mtoto azoee huko upesi. Hilo namwomba kila siku, na siku nyingine namwomba huku sitaki anisikie.

Dada yako akupendaye daima,

Esperansi

Hapo juu ya jina nilipokatakata ni mkono tu, ulishaanza kuandika jina lingine. Usinielewe vibaya.