Barafu Yako Ilizama

Kabeya ndugu yangu,

Mimi Mulenga niko na miaka makumi saba na mbili. Nilizika bibi babili na bapatron batatu, bakubwa ba labo ya sayansi, na bado naosha vioo, banikataze tu. Sikufikiri nitakuzika na weye, mutoto kwangu. Homa ya kambi ya bakimbizi, kule balibafukuzia beye bantu ba Kasai, ilikuua. Basoda ba barabara balinirudisha mara mbili, nikafika umeshafunikwa.

Sasa sikia. Direkta mupya alifungua kabati, akakuta chupa yako ya maji mazito haina etiketi, karatasi ya jina mende zilikula. Akasema mbele ya bantu bote: "Ule Muluba wa Kasai aliuza maji ya kweli, akajaza ya robine, ya bomba tu." Bakacheka. Mimi, mwenye kusoma na kidole, nikasema: "Uongo, bwana direkta. Nitakuonyesha." Mudomo wangu huu!

Nilikumbuka masomo yako. Maji mazito kwa macho iko sawa na ya mutoni Naviundu, lakini barafu yake inazama. Ulikuwa unaitia kwa mizizi ya muhogo, unafuata siku ngapi itapanda mpaka kwa jani. Na uliniambia: "Tata Mulenga, usiache chupa wazi. Inavuta unyevu wa hewa, inaharibika."

Kabeya, niliiacha wazi. Ulikuwa tayari kambini. Shemeji yangu alitoka Pweto na samaki yake kavu, nikamuingiza labo ajue mimi ni muntu gani. "Katanga muzima, ni mimi tu niko na funguo ya maji hii!" Nikasahau kifuniko, Jumamosi mpaka Jumatatu, na mvua inanyesha. Nilitaka kuja kukuambia. Nilitaka.

Basi niligandisha maji yako kidogo, barafu ikatoka kwa frigo mbele ya bote. Ikielea, ni jina lako litachafuka, kwa kosa yangu. Direkta akaitia ndani ya glasi ya maji ya robine. Ikabaki juu.

"Unaona sasa, muzee?"

Nilitaka kusema ni mimi. Nikainama kwanza kwa glasi. Lakini hakuna muntu hapa anajua kioo kunipita: niliona kipovu cha hewa kimeshika chini ya barafu. Nikakigusa na kijiti. Kipovu kikapanda peke yake. Barafu ikashuka, pole-pole, ikakaa chini kabisa. Hakuna aliyecheka.

Pole-pole. Ile inaninyima usingizi. Zamani ilizama namna ile, ama ni unyevu wa chupa niliacha wazi umeingia? Weye ungejua.

Nimefunga chupa na nta. Na kesho nitamwambia direkta habari ya kifuniko, hata akinifukuza. Nimekuahidi kwa barua hii, na mimi sirudi nyuma.

Pumzika, ndugu yangu. Jina lako iko safi.

Mwenye kubisha aulize Ilunga mulinzi, alisimama mulangoni akaona barafu ikishuka. Na ya kifuniko, aulize shemeji yangu kule Pweto. Yeye alisikia vile nilijisifu.

Mulenga