Ghorofa ya Alionzi

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Itangazwe kwa heshima zote: leo alasiri nyumba yetu hapa Koboko imepata ghorofa. Hakuna mwashi aliyeitwa, hakuna saruji iliyokorogwa. Iko juu ya gari.

Mwenye ghorofa ni Alionzi, mchumba wa mdogo wangu Madina. Ametoka Arua. Atakaa nasi mpaka Jumapili, wajomba zake watakapokuja kupanga ndoa. Arua mpaka Koboko! Watu wanakwenda na kurudi, wanakuta mboga bado ya moto. Yeye kaja na sepetu, madumu ya maji, shoka, na taa za mbele kama za uwanja wa mpira. Ungedhani anavuka Sahara.

Nilikuwa nimemwandalia kibanda cha wageni. Nimesiliba sakafu upya, nimetandika shuka nililoshona mwenyewe kwa cherehani yangu. Akachungulia mlangoni, akatabasamu.

"Usijisumbue, shemeji. Mimi natembea na nyumba yangu."

Akafungua mikanda, akavuta, akasukuma — hema likaachama juu ya gari kama mdomo wa kiboko. Ngazi ikashuka. Madina akatoa simu. Alionzi akakanyaga ngazi ya chini, akageuka, akacheka na simu. Picha ilipokwisha, naye akashuka.

Jirani yetu Yakani, aliyekimbia vita Sudan Kusini, alisogea kutazama. Akaniuliza kwa huruma ya kweli: "Huyu mutu anangoja kuandikishwa? Wanamupeleka kambi gani?"

Baba mdogo Swadiki alitumikia jeshi miaka mingi. Alizunguka gari mikono mgongoni. "Hema ya jeshi inalala chini," akasema. "Hii, adui anaona kwanza."

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hata salamu inapitia kwa mtu wa tatu. Mama aliyaweka maneno yake mpaka tulipokuwa jikoni. Wakati wa ukimbizi, kule Kongo, alilala chini ya turubai mpaka akasahau mvua inasikika vipi kwenye paa la nyasi. "Na huyu," akasema, "yeye turubai anainunua?"

Ijumaa, 15 Agosti

Alfajiri nilitoka na ufagio. Nikapita kando ya gari. Nyayo mbili kwenye kioo!

Nyayo za Alionzi. Kiti cha dereva kimelazwa, mdomo wazi, taulo shingoni. Juu yake hema limefungwa zipu vizuri, kana kwamba ndani mna waziri.

Nikakohoa. Alitoka kama aliyeumwa na siafu, akashika ngazi, akajinyoosha hapo kama mtu aliyeshuka sasa hivi. "Shemeji, hewa ya juu! Unalala na nyota."

Nikajibu alhamdulillahi. Dharau nzuri haitumiwi siku ya kwanza. Inawekwa kabatini, kama sukari ya wageni.

Baada ya sala ya Ijumaa akatangaza — kwa sauti, mbele ya wote — kwamba anapanda kupumzika. Nilipokwenda kuanua nguo nikamkuta kitini tena, kofia usoni, anakoroma. Nikapita.

Wakati huohuo Mama alikuwa anaoga.

Bafu letu ni ua wa matete, halina paa. La nini? Juu walikuwa Mungu na kunguru tu. Mama akainua uso asuuze sabuni, akaona kichwa cha hema kimetokeza juu ya matete. Alipiga kelele, Yakani akaja na fimbo akidhani ni nyoka. Mama alitoka na povu masikioni, kajifunga vitenge viwili, akapita hapo hapo mpaka kwa mama mkubwa, upande wa pili wa mji. Amesema ameonwa na mkwe. Amesema harudi.

Na bila Mama nyumbani, wajomba wa Alionzi watapokelewa na nani? Hakuna mama, hakuna ndoa. Madina hajala tangu mchana.

Utetezi? Alionzi hana. Sote tulimsikia akitangaza anapanda. Mwizi wa kawaida angalau hapigi ngoma kwanza.

Nimemwambia Madina nilichokiona.

"Kwenye kiti? Usiku na mchana?"

"Usiku na mchana."

"Basi aseme mwenyewe, dada. Mwambie aseme. Siwezi kuolewa na mtu ambaye Mama anamkimbia."

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwambia. Asubuhi, kando ya gari, alipokuwa anafuta vumbi kwenye ngazi asiyoipanda.

"Shemeji Alionzi, sema ulikuwa chini. Mambo yataisha."

Alitazama kushoto na kulia. Hakukana, nampa hilo. Ila picha ameshaziweka mtandaoni. Watu wa Kampala wanamwuliza hema linakodishwa vipi, na yeye anataka kuwatembeza mbugani, awalaze juu. Nani atamfuata kiongozi anayelala kitini? Ngazi ikitikisika kidogo tu, anasema, anarudi chini mbio.

"Mwanaume akiona asichotakiwa kuona, anaomba msamaha," akasema. "Akiogopa ngazi, anaomba msamaha kwa nani?"

Nimeishi na mume nikaachika, nikadhani upumbavu wa wanaume nimeumaliza wote. Kumbe kuna darasa la juu.

Nikapanda gari la abiria kwenda Arua, Onduparaka, kwa Drateru, dada yake Alionzi. Nilimkuta anachambua maharage. Sikumaliza hata kueleza, alicheka mpaka ungo ukamwagika.

"Alionzi? Juu? Huyo tukibadilisha balbu ngazi tunashika watu wawili! Akifika kati anaanza kutuambia wosia."

Nikamwomba aje kesho aseme hivyohivyo mbele ya wazee. Kicheko kikakatika.

"Niende kwa wakwe niwaambie ndugu yangu mwoga? Wewe umeona, wewe sema."

Sote tunajua, na kila mmoja anampa mwenzake neno kama kaa la moto. Nilirudi na kilo ya maharage aliyonipa. Mengine yana mchanga.

Jumapili, 17 Agosti

Wajomba wa Alionzi wamefika wakiwa wamepiga pasi mpaka soksi. Msemaji wao ni mjomba Lawrence, tumbo mbele, fimbo ya heshima. Baba mdogo akawapa viti. Mama aliitwa, akaja lakini kwa masharti: amekaa ndani, mlango umefungwa, na mama mkubwa anachukua maneno dirishani. Kijana akisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hakumwona, na wazee wakiridhika, Mama atatoka. Wasiporidhika atarudi alikotoka, na wageni wanywe chai waende.

Baba mdogo akauliza: "Wakati mama anaoga, wewe ilikuwa wapi?"

Madina alikuwa amesimama na birika. Alionzi akamtazama. Akawatazama wajomba. Niliona kabisa neno limefika kwenye meno.

"Juu," akasema. "Lakini nilitazama upande mwingine."

Madina akaweka birika chini.

"Mutu akilala juu," baba mdogo akasema, "macho yake inaenda chini. Hata maji inaenda chini." Kisha akatangaza kuna faini ya mbuzi wa kufuta macho. Desturi hiyo sijawahi kuisikia maishani. Nadhani ilizaliwa pale pale, ikaanza moja kwa moja na mbuzi mnene. Mama mkubwa akaleta jibu la dirishani: Mama hataki mbuzi. Anataka kujua alionwa au hakuonwa.

Nikachoka. Nikasema. "Alikuwa chini, kitini, amelala. Nimemwona mimi. Huko juu hajawahi kulala. Anaogopa."

Ungedhani nimetukana dini. Mjomba Lawrence akasimama: "Mtoto wetu mwoga? Binti huyu anatukosea adabu!" Baba mdogo naye, badala ya kushukuru, akanigeukia: "Na wewe, Ruqaiya, unaangalia wanaume wakilala kwa nini?"

Yaani pande zote mbili, wakwe na sisi, wangependa awe mchunguliaji kuliko awe mwoga. Nimewatazama wazee hawa, ndevu zote zile, nikaona kwamba ndevu huota bila kuomba ruhusa ya kichwa.

Mwishowe baba mdogo akapata wazo la kijeshi. "Iko rahisi. Apande sasa. Akipanda, Ruqaiya ni mwongo. Akishindwa, hakuona kitu."

Viti vikageuzwa. Alionzi akavua viatu. Ngazi ya kwanza akacheka, ni ile ya picha. Iliyofuata akaacha kucheka. Halafu akasimama, akaikumbatia ngazi kama mtoto anayeona sindano, jasho likimdondoka kidevuni. Mjomba Lawrence akamhimiza kwa Kilugbara, kwanza kwa upole.

"Leo mgongo unaniuma," Alionzi akasema, bila kugeuza shingo.

"Mgongo hapana shahidi!" baba mdogo akajibu.

Wakaanza kubishana: je, mgongo ni kushindwa au si kushindwa? Mjomba Lawrence anasema mgongo wa ukoo wao unajulikana. Dirishani mama mkubwa anauliza, amepanda au hajapanda? Madina ameketi chini, kitenge usoni.

Nikamgusa shemeji kisigino. "Shuka." Akashuka haraka kuliko alivyopanda. Nikalikaza gauni, nikapanda mimi. Wazee wote wakainamisha macho kwa adabu — kwa mara ya kwanza leo wametazama mahali panapowafaa.

Naandika haya nikiwa huku juu. Godoro ni zuri, kusema kweli, na bado limo kwenye nailoni ya dukani. Kalamu ya vipimo vya nguo ninayo siku zote kwenye kilemba, na kitabu hiki hakitoki kifuani. Nimefungua dirisha la upande wa bafu.

Chini wanapaza sauti. "Ruqaiya! Unaona nini?" Hata Alionzi ananikodolea macho, naye anangoja kujua alichokiona Ijumaa. Nimewaambia wangoje, naangalia vizuri.

Bafu halionekani kutoka huku. Linaonekana paa la jikoni tu.