Minyoo Inakuja Juu Kila Mara

Jumatatu, 3 Machi 1997

Nelius amepiga simu tena kutoka Kiritiri. Ndiye mhudumu wetu wa mifugo kule, na tangu daktari aondoke anategemea kompyuta yangu hapa Embu. Mbuzi wanakohoa, makamasi, wanahema. Nikaandika maneno hayo, nikabonyeza. Juu kabisa — minyoo! Nikamsomea hivyo hivyo.

"Kawira, minyoo tulitibu wiki jana. Wanazidi kufa."

Programu ya kutafuta kurasa za magonjwa inahesabu maneno, inaupa kila ukurasa alama. Wenye alama nyingi unatangulia. Sasa mbona?

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu "kuku". Minyoo ya mbuzi. "Ng'ombe kuvimba kiwele". Minyoo ya mbuzi! Nikacheka peke yangu, halafu nikaacha.

Nimepata. Kuna mstari ndani ya programu sikuandika mimi, ni wa Mbaka aliyekuwa hapa kabla yangu. Unaongeza alama mia tano kwa ukurasa mmoja tu. Aliyeandika ukurasa huo ni mkurugenzi. Yaani Anko Hezekiah. Homa ya mapafu, yenye dalili zile za Nelius, iko chini kabisa. Nani atafika huko?

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Anko. Ofisini namwita Sir. Hakukasirika — afadhali angekasirika. Eti hiyo kazi yake ya minyoo ndiyo iliwafanya wafadhili watupe kompyuta. Wanakuja Ijumaa, watabeba nakala za programu wapelekee ofisi zingine.

"Usiguse. Wakienda tutaona."

Jioni tumekula githeri meza moja, akaniombea nizidi kupata hekima. Ndiye alinitoa kwetu Ruiri. Nalala kwake. Nikitoka ofisini naingia kwake, nikitoka kwake naingia ofisini. Hewa ni ile ile.

Alhamisi, 6 Machi

Nelius, simu. Nikamwambia polepole: wacha minyoo, ni homa ya mapafu, tenga wagonjwa, tafuta sindano.

Akauliza: "Mimi umeniambia. Na yule mhudumu wa Gachoka atasomewa nini?"

Mlango wa Anko ulikuwa wazi.

Ijumaa, 7 Machi

Wageni wako chini wanakunywa chai. Anko amekuja mwenyewe kuniambia neno la kuandika wakifika: minyoo.

Nikasema, "Sir, kwa neno hilo ukurasa wako unakuja juu hata bila zile alama."

"Basi ziache." Akanigusa bega, akashuka.

Nimefuta mstari! Sasa kompyuta lazima ihesabu kurasa zote upya. Nilidhani itawahi kumaliza. Haijafika nusu, na skrini haionyeshi kitu kingine.

Viti vinasukumwa. Viatu kwenye ngazi. Anko anacheka, anawaambia mpwa wake atawaonyesha maajabu. Naweza kuzima pale ukutani, niseme stima imepotea. Hesabu yote itapotea pia, na Anko atanisimamia niurudishe mstari wa Mbaka.

Swichi iko karibu na kiti, upande wa kushoto. Mkono wa kushoto nimeukalia usiifikie.