Ua la Mama Tumaini Halitaki Samadi

Jumamosi, 17 Mei 2025

Nimegeuza kahawa kwenye vichanja, nimekamua ng'ombe, kisha samadi. Debe moja kwa kila mche, kila Jumamosi. Miche yenyewe mitatu: miwili mbele ya nyumba, mmoja nyuma ya jiko karibu na mchicha wa mke wangu. Shemeji aliileta toka Ileje mwezi wa kumi na moja, imekulia kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Ni kichaka cha milimani kwao. Ua lake kubwa, jeupe, lina manyoya laini katikati. Vitabuni wanaliita protea.

Mama Tumaini alishika ua hili siku tuliyofunga ndoa. Tangu amekuja Mbozi hajaliona tena, huku kwetu ni kahawa na mahindi mpaka mlangoni. Tarehe 30 Agosti ni jubilei yetu, miaka ishirini na mitano. Nimewatangazia akina mama wa kanisa kwamba ataingia ameshika ua lake, limechanua nyumbani kwangu. Nimetangaza kwa sauti. Sasa lazima lichanue.

Jumatano, 4 Juni 2025

Mche wa kwanza una majani ya njano. Njaa hiyo. Nimeuwekea mbolea ya DAP, viganja viwili. Miaka thelathini nalima kahawa, njano naijua.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Umekufa. Mkavu kabisa, ukiushika unakatika.

Wa pili umeungua kingo za majani. Nimeongeza maganda ya kahawa yaliyooza vizuri, na samadi juu yake. Jirani yangu Nzowa kaegemea ua wa nyumba anaangalia. Kasema kichaka cha porini nakilisha kama ng'ombe wa maziwa. Kahawa yake mwenyewe imekonda.

Jumapili, 29 Juni 2025

Wa pili nao umekwenda. Baada ya ibada nimepita mlango wa nyuma ili akina mama wasiniulize. Nina hasira, na sijui namkasirikia nani. Mama Tumaini kapika mchicha, mtamu, majani mapana kama sahani.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Tumba! Mche wa nyuma ya jiko umetoa tumba, moja, kileleni. Nimelizunguka mara nne. Baridi kali, upepo unakata masikio, na mimi nimesimama pale bila koti nacheka peke yangu. Mkono wangu ni mkono wa kuotesha. Nimempigia shemeji, nimempigia Tumaini chuoni, nimemwita hata Nzowa aje aone. Jioni nimeongeza samadi, debe moja na nusu.

Jumatatu, 28 Julai 2025

Bwana shamba kaja kukagua kahawa. Nikamwonyesha tumba, nikamweleza na ninavyolilisha. Kacheka mpaka kashika nguzo ya kichanja. Kumbe kichaka hiki ni cha udongo maskini. Samadi na DAP vinaunguza mizizi yake. Kinachofaa ni kukiacha tu.

Kwa hiyo ile miwili niliiua mimi. Nimeiua kwa kuipenda. Nimejisikia mjinga, mtu mzima na mvi zangu.

Ila jambo moja halijakaa sawa. Wa tatu nao nimeulisha vilevile, tena kuzidi. Mbona hai? Bwana shamba kaukwaruza udongo wake kidogo, kakuna kichwa, karudi kwenye kahawa.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Jibu nimelipata asubuhi. Tangu bwana shamba aondoke sikupeleka samadi. Jana jioni nikapeleka kidogo tu, kusudi, nijue siri ya mche huu iko wapi. Kumepambazuka nikasimama dirishani mwa jiko. Mama Tumaini huyo, kapiga magoti na mwiko wa zamani na beseni. Anakomba samadi yangu yote shinani, anarudishia udongo mkavu juu, anaupigapiga uonekane haujaguswa. Beseni likaenda kwenye mchicha.

Nikamfuata nje, akakiri anafanya hivyo tangu mche wa kwanza uwe na majani ya njano. Kwao hakuna aliyewahi kukiwekea kichaka hiki kitu chochote. Ile ya mbele hakuiweza, naipitia kila saa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, Baba Tumaini, ungesikia? Ulikuwa na furaha na debe lako. Nikaona nikuachie debe, niokoe mti."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nimecheka mpaka ng'ombe wamegeuka kuniangalia.

Jumamosi, 30 Agosti 2025

Jubilei. Tumba limefunga, gumu. Nimeliangalia saa kumi na mbili, saa moja, saa mbili. Sikulikata. Mama Tumaini kaingia kanisani ameshika maua ya dukani.

Akina mama wakauliza liko wapi ua. Nikaomba kipaza sauti, nikasimama mbele ya waumini wote, nikasema ukweli. Niliua miche miwili kwa samadi, na wa tatu mke wangu aliuiba mikononi mwangu kila wiki mimi nikijisifu. Kanisa lilivunjika mbavu kwa kicheko. Mchungaji alivua miwani akafuta macho. Mama Tumaini alijifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, halafu akanishika mkono mbele ya watu, jambo asilolifanya. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo hivyo: nilikuwa na furaha sana.

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Limefunguka. Jeupe, pana kuliko kiganja changu. Nyuki wawili wamewahi.

Mama Tumaini kaweka vigoda viwili nyuma ya jiko. Nikamuuliza nilikate alipeleke ndani. Kasema liache. Tumekaa. Ameliangalia muda mrefu, kikombe mkononi, na chai yake imepoa. Huyu mwanamke anakunywa chai ya moto mpaka inatisha. Miaka ishirini na mitano, sijawahi kumwona akiiacha ipoe.