Kitambaa cha Ndani Kabisa kwenye Omo la Rungdao

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Lamyai Saengthong
Umri: Miaka 44
Kazi: Kung'arisha boti za faiba
Makazi: Nyuma ya soko la samaki, Satun

Mnamo tarehe 9 Februari 2024, saa 2:40 asubuhi, nilikuwa kazini kwenye karakana ya boti mtoni. Bwana Kamron, mteja mgeni kwetu, alileta boti ya buluu iliyopauka mpaka ukiigusa mkono unatoka na unga mweupe.

Akaniambia, "Dada, ing'arishe mpaka nizione ndevu zangu."

Nikamjibu, "Utaziona, kaka, na mvi zake."

Alicheka. Nilimwambia nitafungua vitambaa vya Mama wa Boti, roho anayeilinda boti, vilivyofungwa kwenye omo, pale mbele, ili nipitishe mashine. Akaacha kucheka. "Hivyo acha. Tangu niipate sijavigusa, Mama wa Boti asije akanikasirikia." Kisha akaenda kunywa chai.

Nilianza ubavuni kwa maji na msasa wa kwanza, ule mkali. Saa 4:15 unga ulipotoka, herufi zilijitokeza pale jina la zamani lilipobanduliwa: RUNGDAO. Hilo ni jina la binti yangu. Ndilo jina la boti ya mume wangu, Thawin, aliyeondoka nayo tarehe 14 Novemba 2020 na hakurudi. Watu walisema aliiuza akatorokea Malaysia na mwanamke. Niliamini. Nilichoma nguo zake na kumkataza binti yangu kumtaja.

Ningepitisha msasa wa pili, jina lingefutika. Niliuweka chini. Lakini Rungdao ni wengi, na sikutaka kumsingizia mtu.

Saa 4:30 niliwasha udi, nikamwomba Mama wa Boti ruhusa, nikafungua vitambaa. Vilikuwa saba. Cha ndani kabisa kilikuwa kipande cha shuka nililombebea binti yangu akiwa mchanga, chenye pindo nililoshona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Nilikifunga mimi siku boti iliposhushwa majini.

Kwetu mtu akiuza boti hufungua kitambaa cha kwanza, kile cha ndani kabisa, na kurudi nacho nyumbani. Hata mlevi hasahau. Thawin hakuwa mlevi. Kwa hiyo hakuiuza.

Bwana Kamron alirudi, akakiona mkononi mwangu. Alisema, "Nilikwambia usiguse." Nilikuja nacho hapa kituo cha polisi kwa miguu.

Sijui mume wangu yuko wapi. Najua nimemtukana miaka mitatu na sikumtolea sadaka ya marehemu hekaluni hata mara moja. Naona aibu.

Niliyosema ndiyo niliyoyaona. Nimesomewa, nami nakiri ni yangu.

Sahihi: L. Saengthong

Maoni ya afisa: Yamechukuliwa nami, Sajini Niphon, saa 6:05 mchana. Boti imezuiliwa, na Bwana Kamron anahojiwa. Shahidi aliomba arudishiwe kitambaa. Nimemweleza kuwa ni kielelezo. Akaomba basi kisiwekwe sakafuni. Nimekiweka juu ya kabati.