Picha ya Chozi Kwenye Mshubiri

Baba,

Mama ameitundika ile picha ya chozi juu ya redio yako, mahali palipokuwa na kalenda. Ukifungua mlango tu unaiona: yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, amening'inia kwenye ua la mshubiri, mabawa hayajatulia. Kila mgeni anaisifu. Jana Mama Wambui wa nyumba ya pili alikuja kuomba mkaa, akasimama mbele ya picha hadi akasahau mkaa wenyewe. "Rasoa, ni wewe ulipiga hii? Basi mkono wa babako haujaenda mbali." Nikamwambia chai inafurika, nikakimbilia jikoni. Hakukuwa na chai yoyote jikoni.

Mimi siwezi kuitazama picha hiyo, Baba, na wewe ndiye mtu wa kwanza niliyepaswa kumwambia kwa nini.

Tangu utuache mambo mengi hapa Mbotela yako vilevile. Vijana wa pale kwenye bomba bado wanaiita nyumba yetu "kwa buda wa maua," yaani mzee wa maua. Zamani jina hilo lilimuudhi Mama. Jumamosi wanaume wenzako wakitoka kazini Industrial Area walienda kutazama mpira, au kunywa. Wewe ulikuwa unarudi na harufu ya kiwanda cha sabuni mwilini, unavua viatu, unalala kifudifudi kwenye udongo mbele ya ua la waridi na kamera umeibana jichoni. Mama anasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Amka bwana, watu watasema umelewa." Na wewe bila kugeuka: "Waambie nimelewa kweli."

Nyuma ya picha uliandika rangi kwa penseli, kwa sababu filamu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. "Ua jekundu." "Kifua cha ndege, kijani kama chupa." Nilipokuwa mdogo nilidhani rangi zilikuwemo ndani ya karatasi, na kwamba ni wewe tu uliyeweza kuziona.

Ulipoanza kuugua kifua, niliacha kazi ya kushona ili nibaki nawe, Mama aendelee na kibanda chake cha mboga sokoni. Watu walinisifu kwa hilo pia. Sikuwahi kulalamika, unajua. Lakini Baba, nililalamika moyoni. Kulikuwa na siku nilizobeba lile beseni la makohozi hadi nje huku nimeuma meno, nikiwawazia wasichana wenzangu wakicheka kwenye mashine zao. Ulikuwa unasema "asante mama" kila nilipokufuta mdomo, kana kwamba mimi ndiye mama yako, nami nilikuwa naitikia bila kukutazama usoni.

Kilichotuokoa sote wawili ni wale chozi. Walijenga kiota kwenye kipande cha waya kilichobaki kikining'inia chini ya paa, karibu na dirisha lako. Kiota chenyewe kilikuwa kama soksi iliyojazwa takataka: nyuzi, manyoya, makaratasi ya peremende. Mama akataka kukitoa. Wewe, ambaye siku hizo ulikuwa husemi ila kwa kunong'ona, ukapaza sauti: "Acha nyumba ya watu!" Tukahamisha kamba ya nguo kwa ajili yao.

Kwa kuwa hukuweza kutoka nje tena, ukaanza kunifundisha kamera ukiwa kitandani. Nilishangaa jinsi nilivyoipenda. "Usimfuate ndege. Kaa, aje mwenyewe." "Jua liwe mgongoni mwako." "Ukimwona anatua umeshachelewa, bonyeza kabla." Nilikuwa natoka, nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na mishubiri ile uliyoileta kutoka nyumbani Maragoli, nakaa tu. Kisha narudi kukueleza: dume alikuja, jike alikuja, shomoro walifukuzwa. Wewe ulifumba macho ukisikiliza, unatabasamu. Hatukuwahi kuzungumza hivyo maisha yetu yote.

Sasa nikuambie kuhusu asubuhi ile. Wewe uliijua kutoka upande wa ndani. Mimi nikueleze ya upande wa nje.

Mama alikuwa ameshaenda sokoni. Baridi ilikuwa imetukaa siku nyingi, kisha ghafla jua likatoka juu ya mabati. Ukasikia kelele za makinda kwenye kiota. Ukaniambia, "Toka nje. Hawa wanaruka leo. Mimi nitawasikia kutoka hapa." Nikakufunika miguu. Nikaweka karibu yako kikombe cha bati na kijiko, kama kawaida, ili ukinihitaji ugonge.

Nilifurahi kutoka, Baba. Wacha niandike kama ilivyokuwa. Nilifurahi kuachana na harufu ya dawa ya kuchua, na ile sauti ya kifua chako. Nilikaa kwenye ndoo, jua likanipiga mgongoni, nikajisikia kijana. Makinda walikuwa wametoa vichwa nje. Jike akaja kwenye mshubiri, akaniona, akaondoka. Nikatulia. Akarudi, akaanza kuzungukazunguka ua lililo karibu kabisa nami.

Hapo ndipo kijiko kilipolia.

Hakikulia kwa nguvu. Kililia kama mtu anayetaka maji, si kama mtu anayekufa. Hivyo ndivyo nimekuwa nikijiambia. Nikainua mkono kuelekea dirishani, ngoja kidogo, kama vile ungeweza kuniona kupitia pazia. Kijiko kikalia tena. Chozi akasogea, akajishikiza, nikabonyeza.

Ningeweza kuingia hapo. Picha nilikuwa nimeshaipata, nilijua kabisa nimeipata, mwili wote uliniambia. Lakini nilisogeza filamu nikangoja aje tena. Sikuwa tena na sababu, ila utamu tu. Nilikaa pale nikitabasamu peke yangu, wewe ukiwa ndani.

Nilipoingia niliingia nikipiga kelele, "Baba, nimempata!" Kijiko kilikuwa juu ya blanketi. Uso wako ulikuwa umeelekea dirishani.

Sijui ulitaka nini. Maji? Mkono wa kushika? Au ulitaka tu kuniambia kwamba makinda wameruka, maana nilipotoka tena nje kuwaita majirani, kiota kilikuwa kitupu. Mimi niliyetumwa kuwatazama sikuwaona wakiondoka pia.

Tulikuzika nyumbani. Watu walijaa hadi kwenye shamba la jirani. Mchungaji akasimama akanitaja kwa jina, mtoto aliyemshika babake mkono hadi pumzi ya mwisho, wasichana wa siku hizi waige mfano wake. Kina mama wakaitikia. Mimi nilitazama viatu vyangu. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema. Shangazi akanikumbatia, nikamwacha anikumbatie.

Tuliporudi Nairobi niliificha kamera chini kabisa ya sanduku langu, chini ya magauni, filamu ikiwa bado ndani. Nilidhani itaoza humo. Lakini Mama alikuwa anataka kila ulichogusa. Akaipata, akaipeleka mwenyewe kwa yule mpiga picha wa Eastleigh, na siku ya kuzichukua akavaa kitambaa chake cha kanisani. Alizipanga mezani moja moja. Za mwanzo ulizipiga wewe kabla hujalala kitandani: waridi lenye umande, shomoro akinywa maji bombani, Mama mwenyewe akicheka, unga hadi kwenye viwiko. Kisha zangu, nyingi hazionyeshi kitu ila majani. Kisha ile. Mama aliishika kwa ncha za vidole akalia. "Alikufundisha, na ukajua akiwa hai," akasema. "Alikwenda akijua umejua."

Nilivumilia hadi Jumapili iliyopita. Tulikuwa tumetoka kanisani, tunachambua maharagwe, sinia liko katikati yetu. Nikamwambia yote, jinsi nilivyokuandikia hapa. Vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Kijiko kililia tena?" akauliza.

"Kililia tena."

"Halafu?"

"Halafu hakikulia."

Akatoa kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa nje ya mlango. Nikadhani atanifukuza. Kisha akasema, bila kuinua macho: "Siku ile mboga zangu ziliisha mapema. Zote. Ningekuwa hapa kabla jua halijapanda. Nilikaa na wenzangu pale kibandani, tukanywa soda, mmoja akatueleza visa vya mumewe tukacheka hadi machozi. Nikasema wacha nipumue kidogo, Rasoa yuko."

Tuliendelea kuchambua hata pale maharagwe yalipokuwa safi.

Baadaye nikamwomba aitoe ile picha ukutani. Akakataa. "Sitakudanganya kwamba si kitu," akasema. "Ni kitu. Lakini yeye ndiye aliyekutuma, na picha ni nzuri. Utaiangalia hivyo hivyo."

Kwa hiyo najaribu kuiangalia. Leo asubuhi nilisimama mbele yake kwa mara ya kwanza bila kukimbia. Ni nzuri kweli, Baba. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Ingekuwa na ukungu ningejua la kufanya nayo.

Tena kuna jambo lingine ambalo naona haya kuliandika. Sijaacha. Nilidhani nitaichukia kamera, lakini mishubiri imechanua tena na nimerudi kwenye ile ndoo. Nimepata filamu nyingine. Nikiwa pale huwa nakusahau kidogo, nasahau kila kitu, kisha ndege akiruka unanirudia, nami nainama kama niliyepigwa. Sijui kama ni haki mtu afurahie kitu kilichomgharimu babake. Ungekuwepo ningekuuliza, na ungesema jua liwe mgongoni.

Juzi dume alikuja, yule mwenye kifua kinachong'aa, akatua karibu kiasi kwamba niliona ulimi wake ukiingia na kutoka. Kidole kilikuwa tayari. Mama akaniita kutoka ndani, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Nikasimama. Ndoo ikaanguka, ndege akaruka, nikaingia mbio hadi nikajigonga bega mlangoni. Mama alikuwa amenipa mgongo. Alitaka nimfungie vifungo vya gauni, mikono yake siku hizi haifiki. Nikavifunga kimoja kimoja, polepole, na nilipofika cha juu nikaacha mkono wangu pale shingoni mwake.

Lala, Baba. Siombi unisamehe kwenye karatasi, maana karatasi haiwezi kuitika. Ninalokuahidi ni hili dogo: mtu wa nyumba hii akiniita, nitakwenda wakati ule ule, na ndege aruke.

Bintiyo,
Rasoa