Mtetemo wa Mama Kulwa

Alhamisi. Vumbi la Didia limeamka kabla yangu, limeshaingia mpaka kwenye chai. Mgongo unalalamika, ila moyo umenona.

Jumamosi tunashindana na watu wa Samuye. Kwa asiyeijua ngoma yetu: vikundi viwili vinapiga uwanja mmoja, wakati mmoja, na jaji hakuna. Watazamaji wanahama tu. Ukianza kuona migongo yao, umeshindwa.

Na mwimbaji wetu, mke wangu Mama Kulwa, amegoma. Anasema sauti yake siku hizi inatetemeka kama ya mbuzi aliyenyeshewa, haendi kuchekwa uzeeni.

Bila yeye tutaipigia miti.

Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini kinanda cha umeme alichotuletea Kulwa kutoka Geita nimekisoma kwa vidole. Kina kitufe cha kuzungusha kimeandikwa LFO. Kulwa alinieleza kwamba humo mna wimbi la polepole mno, sikio halilipati. Kazi yake ni kutikisa sauti nyingine. Nikamwelewa upesi: ni mama mkwe aliyekaa chumbani. Humwoni, ila nyumba nzima inakwenda kwa mwendo wake.

Jana nikalituma wimbi hilo lipandishe na kushusha sauti, nikalipa mbio. Kinanda kikalia king'ora cha mgodini. Kuku wakatawanyika. Mama Kulwa akatoka jikoni na mwiko.

"Baba Kulwa, unaniigiza?"

"Namwigiza mbuzi," nikasema. "Wewe bado sijakufikia."

Hakucheka. Sufuria zikagongana jikoni mpaka jioni, nami nikajua mdomo wangu umetupotezea Jumamosi.

Leo mchana alikuwa anapepeta mchele, akiimba chini chini, akidhani nimelala. Nikatega sikio. Mtetemo wake hauna fujo. Unakwenda taratibu, kama mtu mwenye ndoo kichwani asiyemwaga tone. Nikakivuta kinanda, nikapunguza mwendo wa LFO, nikapunguza tena, nikapunguza na nguvu yake, mpaka kikawa kinapumua naye. Sauti mbili zikatikisika pamoja. Ungeuliza mzee ni nani hapo, usingepata jibu.

Ungo ukanyamaza.

Yeye hakunyamaza. Aliimba wimbo mzima amenipa mgongo, na pale pa kupanda juu akapanda.

"Hicho kidude kimezeeka vizuri kuliko wewe," akasema.

"Wabeja, mke wangu."

"Usinishukuru. Jumamosi kinifuate mimi, kisinikimbize."

Basi anakwenda. Nimekibandika kile kitufe kwa plasta kisisogee, maana mkono wangu nao umeanza kutetemeka, na huo hauna pa kuupunguzia mwendo. Sijamwambia.

Lakini mwanamke aliyezeeka nami nyumba moja, kuna mtetemo wangu gani asioujua?